Hivi "hieroglifi" ni maandishi ya picha kweli au tunadanganyana? Nimekula hasara ya bango

Fundi Bango

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa haraka hasa wale mliosoma historia na lugha, mimi niliishia form four na historia nilipata ile herufi isiyotajwa mbele za watu.

Ishu iko hivi. Nina kibanda cha kuprinti, mabango, fulana, stika za bodaboda, kadi za harusi, vyote nafanya. Wiki iliyopita kaja mwalimu mmoja wa sekondari (shule siitaji, msinitafutie ugomvi) anataka bango la fleksi mita mbili kwa moja la klabu yao ya historia, juu iwekwe mistari miwili ya hieroglifi halafu chini jina la klabu. Nikaingia kugugo, nikakuta hieroglifi ni maandishi ya picha. Nikasema hiyo ndogo. Nikakaa na dogo wangu wa dizaini tukatunga sentensi: jicho, kitabu, jua, watoto watatu, mkono umeshika kalamu, piramidi mwishoni ili iwe na ladha ya Misri. Yaani ukiisoma inasema "watoto wanaona mwanga kupitia vitabu". Dogo akaipamba na rangi ya mchanga, kitu kikatoka kikali.

Mwalimu kuja kuchukua, anaangalia, anacheka. Anasema "fundi hizi ni picha, hizi siyo hieroglifi". Nikamuuliza kwani hieroglifi si maandishi ya picha? Akajibu "ndiyo na hapana", akaondoka na nusu ya hela yangu iliyobaki mfukoni mwake.

Sasa ndiyo na hapana ndiyo nini? Hilo neno lina maana gani na linatumikaje, au nimeonewa?

Kiroboto wa Kongowe

Nimesoma kichwa cha uzi nikajua ni jina la dawa ya minyoo. Naweka kambi hapa, wajuzi wanakuja.

Mama Sukari

Fundi pole. Ila na wewe kazi ya watu unaifanya kwa kugugo mstari wa kwanza tu?

Kalamu Mwanzi

Mkuu Fundi Bango, mwalimu wako yuko sahihi ila kakuacha njia panda, ngoja nikusogeze mbele kidogo.

Neno lenyewe ni Kigiriki, hieros ni takatifu na glyphein ni kuchonga. Kwa hiyo Wagiriki walipofika Misri wakakuta kuta za mahekalu zimejaa ndege na macho na nyoka wakaita "michongo mitakatifu". Humo ndani ya neno hakuna picha popote, tafuta uone. Wamisri wenyewe waliyaita kitu kama medu netjer, maneno ya mungu. Hii habari ya "maandishi ya picha" ni maelezo ya sisi tunaotazama kwa nje, tunaona bata tunasema picha ya bata.

Ujanja wake uko hivi, na nitatumia Kiswahili kwa sababu Kiswahili kimebarikiwa kwa hili jambo. Chukua neno PAA. Kuna paa yule mnyama mdogo jamii ya swala. Kuna paa la nyumba. Kuna kupaa angani. Kuna kupaa samaki, kumtoa magamba. Sasa nikupe kalamu nikwambie andika hayo manne bila herufi, kwa kuchora tu. Mnyama utachora. Paa la nyumba utachora. Kupaa angani utachora ndege, lakini mimi nitasoma "ndege" au "ruka" au "kunguru". Kupaa samaki ndiyo kabisa, utachora mama ameshika kisu na mimi nitasoma "kitoweo".

Mmisri angefanyaje? Anachora yule mnyama kila mahali, kwa sababu anachotaka kwako ni ile SAUTI "paa", mnyama mwenyewe hana habari naye. Halafu pembeni anakuwekea kidokezo. Mnyama na nyumba, soma paa la nyumba. Mnyama na mabawa, soma kupaa. Mnyama na samaki, soma kupaa samaki. Hicho kidokezo chenyewe hakisomwi kwa mdomo, kipo kukuonyesha njia tu.

Kwa hiyo picha nyingi pale ukutani hazimaanishi kile kilichochorwa. Bango lako wewe kila picha inamaanisha kilichochorwa, jicho ni jicho, kitabu ni kitabu. Tofauti iko hapo.

Kiroboto wa Kongowe

Paa amepaa juu ya paa akipaa samaki. Duh. Kichwa kimeanza kuuma lakini nimeelewa.

Fundi Bango

Kalamu Mwanzi nakupata ila nipe mfano wa Misri wenyewe, isije ikawa chai umeitunga na Kiswahili chetu.

Kalamu Mwanzi

Haya. Ukienda kwenye majina ya wafalme wa Misri mara nyingi kabla ya jina utaona bata, na juu yake kiduara cha jua. Kwa mtindo wa bango lako tungesoma "bata anaota jua". Kumbe inasomwa sa Ra, "mwana wa Ra". Neno la mwana kwao lina konsonanti zile zile za jina la yule bata, basi bata kaazimwa sauti yake. Ra ni mungu jua, pale jua ni jua kweli. Umeona sasa, alama mbili zimekaa pamoja, moja ni sauti moja ni maana. Ndiyo ile "ndiyo na hapana" ya mwalimu.

Na usione haya kukosea, wamekosea wakubwa. Kuna mwandishi wa zamani anaitwa Horapollo alieleza kwamba mwana huandikwa kwa huyo ndege kwa sababu ndege huyo anapenda sana watoto wake. Maelezo matamu ila uongo, na Ulaya waliyaamini kwa karne kadhaa. Karne ya 17 akaja padri Athanasius Kircher akafasiri minara ya Misri iliyoko Roma kwa mtindo huo huo wa kila picha ina hekima yake ndani, akajaza vitabu vizito, karibu vyote hewa.

Aliyefungua mlango ni Champollion, Mfaransa, Septemba 1822. Jiwe la Rosetta askari wa Napoleon walilikuta 1799 kule Rashid, lina tangazo moja la mwaka 196 kabla ya Kristo limeandikwa mara tatu, hieroglifi juu, demotiki katikati (mwandiko wa haraka wa Wamisri wa kila siku), Kigiriki chini. Kijana alikuwa anajua Kikoptiki, lugha ya kanisa la Wakristo wa Misri ambayo ni mtoto wa ile lugha ya kale. Kwenye michongo mingine, siyo ya jiwe hilo, akakuta jina la mfalme lina kiduara cha jua mwanzoni. Jua kwa Kikoptiki ni re. Halafu alama ya ms, halafu s na s. Re-ms-s-s. Ramsesi! Jua kalisoma kama neno na zilizobaki akazisoma kama sauti, ndani ya jina moja. Wenzake wengi walikuwa wanang'ang'ania ama yote ni picha ama yote ni herufi.

binti_wa_Pangani

Kaka Kalamu hapo kwenye konsonanti fafanua, kwani irabu walizipeleka wapi?

Kalamu Mwanzi

Hawakuziandika dada. Konsonanti tu. Ndiyo maana hakuna anayejua kwa uhakika malkia Nefertiti wa Misri aliitwaje na mama yake, zile "e" tumechomeka sisi ili ulimi upite.

Jaribu kwa Kiswahili, andika "kk". Ni nini? Kuku, kaka, keki, kiko, koko, zote kk. Sasa weka kidokezo. Kk na ndege, kuku. Kk na mwanaume, kaka. Kk na mkate, keki. Vidokezo havikuwekwa kwa urembo, bila hivyo ungejikuta umemchinja kaka yako sikukuu.

Neno lao la paka ninalipenda mimi. Waliandika miu kwa sauti halafu mwishoni wakachora paka ameketi. Paka anaitwa miu, hata mtoto wa chekechea angewapa huo ushauri.

Mama Sukari

Kumchinja kaka sikukuu 😂😂 nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia.

Mtafiti Huru

Mnazunguka tu. Mbona hamsemi kuhusu hekalu la Abydos ambako kuna hieroglifi ya HELIKOPTA imechongwa waziwazi kwenye boriti, na nyambizi pembeni? Wazungu wanaficha. Hayo yalikuwa maandishi ya picha na picha zenyewe walizichora kutokana na walivyoona.

Kalamu Mwanzi

Mtafiti Huru nilikuwa nakusubiri, uzi wa Misri usipokuja na helikopta haujakamilika.

Ile boriti iko kwenye hekalu la mfalme Seti wa Kwanza. Mafundi walichonga cheo cha Seti, akaja mwanawe Ramsesi wa Pili akataka cheo chake kiwe pale pale. Wakaziba michongo ya zamani kwa plasta wakachonga mipya juu yake. Miaka elfu tatu plasta imedondoka, sasa unaona michongo miwili imepandana. Fundi Bango atakuelewesha, ni kama kubandika stika mpya juu ya ya zamani, ile ya juu ikibanduka vipande vipande ndiyo unapata "SAMAKI WA KUPAKA NYWELE".

Na ona hilo kosa lilivyo, ni lile lile la bango. Umeona umbo linafanana na kitu, ukaamua lina maana ya hicho kitu. Ukijua kusoma pale unaona maneno ya Seti na maneno ya Ramsesi.

Fundi Bango

Hii ya stika nathibitisha, ukuta wangu mmoja una wagombea watatu wa miaka tofauti wamepandana, sura moja ina macho manne.

Mkongwe wa Lamu

Assalaam aleykum wanangu. Nimewasoma kimya, nami niongeze kidogo.

Mwasema firauni, firauni, mtu akifanya ushenzi huitwa firauni mkubwa. Neno hili twalitoa kwenye Kiarabu, nao Waarabu na Waebrania mzizi wake uko kwenye hizo hieroglifi. Kuna alama ya nyumba, kistatili kimeachwa wazi upande wa chini pa mlango, husomwa pr. Ukiiongeza na alama ya "kubwa" wapata per-aa, nyumba kubwa. Ndiyo kasri la mfalme. Baadaye watu wakawa wakitaja nyumba wamkusudia mwenye nyumba, kama leo musemavyo "Ikulu imetoa taarifa" na hali nyumba haina mdomo. Basi kila umwitapo mtu firauni, wamwita nyumba kubwa bila ya kujua.

La pili. Sisi tulisomeshwa alifu, bee, tee chuoni. Hizo herufi zina nasaba na picha hizo. Huko Sinai, pahali paitwapo Serabit el-Khadim kwenye machimbo ya feruzi, kumekutwa maandishi ya watu wa Kisemiti walioazima picha za Misri wakazitumia kwa lugha yao. Kichwa cha ng'ombe kikawa alifu, kwani ng'ombe kwao aliitwa alp. Nyumba ikawa be, kwani nyumba ni bayt. Maji yakawa mimu, jicho likawa ayn. Na bayt hiyo hiyo ndiyo ubeti wa shairi kwetu, Waarabu wauita mstari wa shairi nyumba. Fundi, hiyo A uichapayo kila siku ukiipindua miguu juu utaona pembe za ng'ombe.

Kiroboto wa Kongowe

Nimegeuza simu kuangalia A. Ni ng'ombe kweli!!! Mzee shikamoo.

binti_wa_Pangani

Nimegeuza M haina haja, ni mawimbi tayari. Mzee wetu umetisha.

Fundi Bango

Shikamoo mzee. Sasa nina swali maana kichwa kimejaa. Zile picha za vyoo, mwanaume na mwanamke mwenye gauni, alama za barabarani, na emoji, hizo ni hieroglifi au siyo? Maana mimi bango langu naona linafanana zaidi na hizo.

Jogoo wa Nakuru

Sasa wazee, mimi ni Mkenya nimeingia tu kwa sababu ya hii swali. Hizo ni alama za picha, hazina lugha ndani. Ile ya choo Mchina anasoma kwa Kichina, mimi nasoma kwa Kiswahili, wote tunaingia mlango wa sawa.

Huku kwetu kura ya maoni ya katiba ya 2005 ilikuwa ndizi ni ndiyo na chungwa ni hapana, juu watu wengine hawangesoma maswali marefu. Chungwa ikashinda. Halafu ona vile ilienda, ile picha ikageuka jina, chama kikaitwa Orange, watu wakaanza kusema "mimi ni chungwa damu". Chungwa halikuwa na maana ya hapana popote duniani, tulipatana tu. Kwa hiyo nauliza Kalamu Mwanzi, hiyo si ni hieroglifi sasa?

Mkongwe wa Lamu

Na nyinyi Watanganyika mulianza zamani. Uchaguzi wa 1965 wagombea wawili wa jimbo walipewa mmoja jembe na mmoja nyumba. Wakulima wakiona jembe, hoi.

Kalamu Mwanzi

Jogoo swali lako zuri na linanipa kazi. Chungwa lile ni ishara, limebeba wazo moja kwa makubaliano. Lakini huwezi kuandika nalo sentensi. Ukitaka kuandika "nitakuja Jumanne kuchukua mbuzi wangu wawili" kwa ndizi na machungwa utakwama, kwa hieroglifi ungeandika na mtu akasoma maneno yako hayo hayo.

Kipimo changu ni chepesi. Chukua hicho kitu wape watu watatu wanaojua mfumo, kila mmoja peke yake. Wakisoma maneno yale yale, hayo ni maandishi. Kila mmoja akija na hadithi yake, hiyo ni picha, hata kama ni picha nzuri. Fundi jaribu na bango lako.

Emoji nayo jina linadanganya, ni Kijapani, e ni picha na moji ni herufi, haihusiani na hilo neno la Kiingereza la hisia japo yanafanana kwa bahati. Jina linasema herufi ya picha lakini ukiniandikia emoji kumi mfululizo nitakujibu "sawa mkuu" bila kujua nimekubali nini.

Mwana wa Lubumbashi

Jambo bandugu. Kwetu Katanga, kwa Baluba, kuko kitu banaita lukasa. Ni kibao ya mti, inaingia mu mukono, juu yake kuko bushanga na simbi. Mutu wa chama ya Mbudye anapitisha kidole pa bushanga na anaeleza histoire ya bafalme na njia benye balipita. Lakini batu babili haba­wezi sema maneno sawasawa, kila mutu anaeleza kwa namna yake na kwa wakati yake. Kwa kipimo ya ndugu Kalamu, ile haiko maandishi?

Kalamu Mwanzi

Ndugu wa Lubumbashi asante sana, umenipiga pazuri. Kwa kipimo changu lukasa siyo maandishi, ni kumbukumbu iliyowekwa mkononi, na hilo halimpunguzii mtu kitu, msomaji wa lukasa alisomea miaka. Michoro ya miambani ya Kondoa vilevile. Watu wanaipost wanaandika "hieroglifi za Tanzania". Ni sanaa ya kale, UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia tangu 2006, inajitosha kwa jina lake. Ukiiita hieroglifi unakuwa umesema kuna maneno pale yanasubiri kusomwa.

Kama mnataka maandishi ya Afrika yaliyoanza na picha mbali na Misri, nendeni Kameruni kwa mfalme Njoya wa Wabamum. Alianza 1896 na picha mamia, akawa anapunguza, anarekebisha, kufika 1910 hivi amebaki na alama kama 80 za silabi, kama sisi tunavyofundishwa ba be bi bo bu. Safari ambayo wengine imewachukua karne nyingi yeye kaimaliza ndani ya utawala wake.

Mama Sukari

Na Wachina je? Hao si ndiyo picha tupu?

Kalamu Mwanzi

Mama Sukari, baadhi. Mti ni picha ya mti, miti miwili ni kichaka, mitatu ni msitu, hiyo ndiyo wanayofundisha siku ya kwanza ili msikimbie darasa. Nyingi siyo hivyo. Herufi yao ya "mama" ina mwanamke upande mmoja na FARASI upande wa pili. Usimwambie mama yako. Farasi kwao ni ma, kakaa pale kwa ajili ya sauti, mwanamke ndiye kidokezo. Paa na nyumba ile ile.

Na Wamaya wa Amerika ya Kati maandishi yao yanaitwa hieroglifi pia, hilo neno halifungwi Misri peke yake. Chui wao anaitwa balam, unaweza kumkuta kachorwa kichwa tu, au kaandikwa ba-la-ma kwa silabi, au vyote kwa pamoja.

binti_wa_Pangani

Mimi naomba turudi kwenye neno maana Fundi aliuliza matumizi. Nafanya tafsiri kidogo kidogo, nakutana na watu wanaandika hieroglifi, hiroglifi, hieroglifiki, haieroglifiksi, na juzi nimekuta "mahieroglifi". Lipi ni lipi?

Kalamu Mwanzi

"Mahieroglifi" muachie huyo huyo aliyeyazaa.

Mimi natumia hieroglifi, moja au mia, hieroglifi hii, hieroglifi hizi, kama kalamu hii kalamu hizi. Alama moja moja ndiyo hieroglifi. Ukitaka mfumo mzima sema maandishi ya hieroglifi au mwandiko wa hieroglifi. Ile yenye "-ki" mwishoni kwa Kigiriki ilikuwa neno la sifa, "ya michongo mitakatifu", Waingereza wakaigeuza jina na sisi tukaibeba hivyo hivyo na "s" yake kama mtu anayebeba mzigo na kamba ya mwenye duka. Kwa Kiswahili haituongezei kitu. Hiroglifi sina ugomvi nayo, ni fupi, ulimi unaipenda.

"Maandishi ya picha" ni sawa kumwelezea mtoto mara ya kwanza, ila kama tafsiri ya kudumu inaleta hasara, muulize Fundi. Wenzetu waliotafsiri ule mwandiko wa Mesopotamia walicheza vizuri, wakauita mwandiko wa kikabari kwa sababu alama zake zina umbo la kabari. Wakataja umbo, hawakutuahidi maana.

Halafu kuna ile ya utani, "daktari kaniandikia hieroglifi". Hiyo iacheni, kila mtu anaelewa.

Muuza Dawa Mstaafu

Mstaafu nimeamka. Miaka 22 nyuma ya kaunta nimesoma miandiko ya madaktari. Naapa inapita kipimo cha Kalamu Mwanzi, wapeni wafamasia watatu cheti kile kile wote watasoma dawa ile ile, nyinyi mnaona mdudu kakanyaga wino. Kwa hiyo utani wenu ni wa kisayansi.

Fundi Bango

Wakuu nimerudi. Leo asubuhi nimefanya kile kipimo, bango nimelitundika mbele ya kibanda nikauliza watu.

Wa kwanza dereva boda: "Hii si duka la miwani? Jicho, kitabu, jua. Miwani ya kusomea na ya jua."

Wa pili mama ntilie wa jirani kaangalia muda mrefu sana, akaniuliza kwa sauti ya chini "baba hii dini mpya inasali siku gani?"

Wa tatu mzee mmoja mstaafu: "Kampeni ya kuzuia watoto wasiangalie jua."

Mwalimu hana kosa. Nampigia simu kesho. Ila sasa nimsaidieje, kibango kidogo cha kurekebisha nitaweka nini, maana anataka hieroglifi za kweli na mimi sitaki kuandika tusi kwa Kimisri mbele ya shule.

Kalamu Mwanzi

😂😂😂 Dini mpya.

Fundi mpe hii. Kuna alama ya vifaa vya mwandishi, kibao cha wino, kifuko na kalamu ya mwanzi vimefungwa pamoja. Hiyo inabeba neno la kuandika. Ukiiweka na mtu aliyeketi, inasomwa mwandishi, karani. Ukiiweka ile ile na gombo la mafunjo lililofungwa, inasomwa maandishi. Kwa klabu ya historia hakuna zaidi ya hapo, mstari wa kwanza karani, mstari wa pili maandishi, na wanafunzi wataona wenyewe kidokezo kinavyofanya kazi.

Usichore kwa mkono, ziko kwenye kompyuta. Yunikodi, ule mfumo wa herufi za kompyuta wa dunia nzima, waliziingiza 2009, alama 1,071, tafuta fonti ya Noto ya hieroglifi za Misri ni ya bure. Kitu kimoja mwambie dogo wako: wanyama na watu hutazama mwanzo wa mstari. Wakitazama kushoto unaanza kushoto, wakitazama kulia unaanza kulia. Akitaka kugeuza kwa ajili ya urembo ageuze mstari MZIMA, asije akamgeuza mtu mmoja akawapa mgongo wenzake.

Fundi Bango

Umemjua dogo bila kumwona. Alikuwa tayari keshamgeuza karani "ili aangalie nembo ya shule".

Mtafiti Huru

Sawa lakini ile helikopta mbona ina mkia?

Kiroboto wa Kongowe

Mtafiti nenda kalale.

Fundi Bango

Mrejesho wakuu. Bango jipya limepita, mwalimu kalipa nusu yake na kaongeza kidogo, la zamani kanunua mama ntilie kwa bei ya kutupa, kalifanya pazia la jikoni.

Tatizo jipya ni dogo. Huu uzi kausoma wote usiku. Sasa mzee wetu wa Lamu alisema nyumba ni pr, dogo kaendelea kuchimba mwenyewe akakuta nyumba ukiiwekea miguu miwili inayotembea inasomwa "kutoka". Jana mchana nimetoka kwenda kuchukua wino, yeye kaenda kula, kafunga kibanda kabandika mlangoni kikaratasi, nyumba na miguu chini yake, hakuna neno lingine. Yaani kwa Kimisri "tumetoka".

Nimepigiwa simu na wateja wanne wanauliza nimehamia wapi.